Pumzi Kutoka Gatini

Umeme ulikatika Jumatatu alfajiri, na Hortensia Cavazos hakuamshwa na baridi, aliamshwa na kimya. Kwa miaka mingi alikuwa amelala kando ya mashine ya oksijeni ya mumewe, inanguruma na kupuliza, inanguruma na kupuliza, hata akaizoea kama wanawake wengine wanavyozoea mkoromo. Sasa ilikuwa imenyamaza. Alinyoosha mkono gizani, akamgusa Baldemar kifuani, akahisi kifua kikipanda kwa shida kama mtu anayepandisha gunia ngazini.

"Nipo," Baldemar alisema. "Nipe mtungi, Tencha."

Tencha lilikuwa jina alilomwita tangu enzi za uchumba, na alilitumia pale tu alipokuwa na furaha au hofu. Hortensia alipapasa nyuma ya kabati, akatoa mtungi wa akiba, akauunganisha na mpira wa puani, akafungua koki na kusikiliza hewa ikivuma. Ndipo alipogundua kwamba vidole vyake vimekufa ganzi, na kwamba akipumua anatoa moshi ndani ya chumba chake mwenyewe.

Kulipopambazuka aliangalia nje, akadhani macho yanamdanganya. Port Isabel, mji wao wa pwani usiojua baridi, ilikuwa nyeupe. Minazi ilikuwa imeangusha makuti kama miavuli iliyovunjika, barafu inaning'inia kwenye paa la jirani, na yale maua yake ya zambarau yaliyofunika uzio tangu binti yao Nereida alipozaliwa yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Bomba la uani lilikuwa limepasuka, na maji yaliyoruka usiku yalikuwa yameganda papo hapo ukutani. Nyumba yenyewe ilijengwa kupigana na joto: mbao nyembamba, sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo, nyufa ambazo wakati wa kiangazi zilikuwa neema. Sasa kila ufa ulikuwa mlango ulio wazi.

Alimfunika Baldemar blanketi zote walizokuwa nazo, ile nene yenye picha ya chui ikiwa juu, akamvika kofia ya sufu ambayo Nereida aliwaletea kutoka Houston na ambayo wote wawili waliichekea. Kisha akaanza kupiga simu.

Kampuni ya umeme ilijibu kwa sauti iliyorekodiwa, ikamshukuru kwa uvumilivu ambao hakuwa ameutoa. Watu wa oksijeni walisema malori yao yamekwama barabarani, magari yanateleza kama sabuni. Hospitalini alimpata muuguzi mmoja aliyekuwa mkweli. Alimwambia wagonjwa wamelala kwenye korido, magari yote ya wagonjwa yako nje, na kama mzee bado anaongea basi asimtoe nyumbani kwanza. Nereida hakupatikana. Halafu simu nayo ikazimika.

Mitungi ya akiba ilikuwa michache, na kila mmoja ulitengenezwa kumfikisha mtu hospitali, si wa kuishi nao. Hortensia aliutazama mshale wa ule uliokuwa ukitumika. Ulikuwa umeshashuka.

"Unakwenda wapi?" Baldemar aliuliza alipomwona mkewe anavaa koti la mvua la Baldemar mwenyewe, lile jeusi la baharini ambalo mzee hakuwa amelivaa tangu alipoacha kazi.

"Kutafuta umeme."

"Umeme hautafutwi, mama. Umeme unasubiriwa."

"Wewe usubiri. Mimi natafuta."

*

Hakuwa na glavu. Hapo mjini hakuna aliyekuwa nazo. Alivaa soksi za Baldemar mikononi, akaingiza miguu kwenye mifuko ya mkate kabla ya kuvaa viatu, akatoka.

Upande wa pili wa barabara taa zilikuwa zinawaka. Hakuna aliyejua sababu. Waya ulikuwa umekatika upande mmoja tu, kana kwamba mtu ameugawa mtaa kwa rula. Hortensia alibisha kwenye nyumba iliyokuwa inang'aa zaidi, nyumba ya wastaafu waliohamia kutoka kaskazini, watu aliowahi kuwapelekea tamale za unga wa mahindi na nyama Krismasi mbili mfululizo. Pazia lilisogea. Alipunga mkono wenye soksi. Pazia likarudi mahali pake, na mlango haukufunguka. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, akijiambia labda wanatafuta ufunguo.

Kwenye ukumbi wa mji kulikuwa na jenereta na foleni. Msimamizi alikuwa bwana mmoja aitwaye Lathrop, amevaa koti jipya ambalo karatasi ya bei bado ilikuwa inaning'inia kwapani. Alizitazama zile soksi mikononi kabla ya kumtazama usoni. Hortensia akamweleza: mume, mapafu, mashine. Akasema mashine si kubwa, haizidi sanduku la nguo, inaweza kukaa hata chooni.

Lathrop alisema soketi ni za simu tu. Mashine ya namna hiyo ingezima jengo zima. Wagonjwa wenye mashine wanapaswa kwenda hospitali.

"Hospitali wamesema nisimlete."

"Pole, mama. Utaratibu sikuutunga mimi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. Watu wa kwenye foleni walikuwa wamegeuza nyuso, kila mmoja akisoma ukuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa amechomeka simu alivuta waya wake karibu zaidi na mwili, kana kwamba Hortensia alikuja kuuchomoa. Hortensia alivuta kofia ya lile koti, akatoka, na alipofika kwenye gari akakaa bila kuliwasha. Alikuwa anajua mahali pengine penye umeme. Alikuwa anapajua tangu alfajiri. Ila alitaka kwanza kumaliza milango mingine yote ili asiwe na namna.

Gatini, kwenye boti za kuvulia kamba wa baharini, kila boti ilikuwa na jenereta yake. Na mojawapo ya boti hizo, ile iitwayo *Pilar*, ilikuwa ya Evaristo, mdogo wake Baldemar.

*

Ndugu hao wawili hawakuwa wamesemeshana tangu mapafu ya Baldemar yalipoanza kumsaliti. Baldemar ndiye aliyekuwa fundi wa injini wa *Pilar*, boti iliyobeba jina la mama yao. Siku moja alikohoa mpaka akaanguka kwenye ngazi, na Evaristo, mbele ya mabaharia wote, akamwambia aende nyumbani, boti si zahanati. Labda alisema kwa hofu. Labda alisema kwa hasira. Baldemar alikusanya mabuti yake, akashuka, na tangu siku ile walipishana hata kanisani kama watu waliokodi njia tofauti.

Hortensia alilikuta gati likiwa kama mahali pa ugenini. Nyavu zilikuwa zimekakamaa, zinagongana kama bati. Juu ya maji samaki walielea matumbo juu, wadogo kwa wakubwa, wamezimia kwa baridi. Kwenye sitaha ya *Pilar*, chini ya turubai, walikuwa wamelazwa kasa, wengi kiasi kwamba mtu alikosa pa kukanyaga. Baridi ilikuwa imewagandisha. Walikuwa hai lakini hawakuweza hata kuinua kichwa kutafuta hewa, na asiyeokotwa alizama. Evaristo na baharia wake, Mnikaragua aitwaye Wilfredo, walikuwa wamembeba mmoja mkubwa kama meza.

Evaristo alipoinua macho na kumwona shemeji yake anakuja ndani ya lile koti jeusi la Baldemar, alishusha upande wake wa kasa.

"Lini?" aliuliza.

"Lini nini?"

"Amekufa lini?"

Hortensia alikuwa ameandaa hotuba njiani. Ilikuwa na heshima, ilikuwa na msamaha, ilikuwa na mahali pa kulia. Lakini aliona kidevu cha Evaristo kinatetemeka, mtu mnene yule, sharubu zake zina barafu, na hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Hajafa," alisema. "Umeme hakuna, na mitungi inaisha. Nataka waya wako, shemeji. Nitamweka ndani ya gari hapa hapa gatini, hata juu hatupandi."

Evaristo aligeuka, akapangusa pua kwa mkono wa koti, akajifanya anakagua kasa. Kisha akasema jenereta haijazimwa tangu jana, jiko lina moto, na kitanda chake cha nahodha kina godoro zuri.

"Mlete."

"Hatakubali."

"Basi usimwulize."

*

Hakumwuliza. Alirudi nyumbani akaibeba mashine kwanza, akaipakia nyuma ya pikapu, akaifunika plastiki. Akabeba mitungi iliyobaki, dawa, sufuria ya mchuzi wa kuku uliokuwa umeganda. Baldemar alimfuata kwa macho kutoka kitandani, blanketi la chui limefika kidevuni.

"Umepata wapi?"

"Gatini."

Alielewa mara moja. Akageuza uso ukutani.

"Boti ile sipandi," alisema. "Nitakufa hapa kwenye nyumba yangu."

Hortensia aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amechoka, na miguu yake ndani ya mifuko ya mkate ilikuwa imelowa. Alimwambia kwamba asubuhi hiyo amefungiwa mlango na watu waliokula tamale zake, na ameangaliwa soksi na bwana mwenye koti jipya, na amesimama mbele ya foleni nzima kama ombaomba. Hakuona haya. Angerudia.

"Mashine imeshapanda gari," alisema. "Baki na hasira zako kama unataka. Uone kama zinapumulika."

Baldemar aliugeuzia uso mtungi. Mshale wa mtungi ulikuwa kwenye nyekundu, na wote wawili walikuwa wanauona. Hatimaye alitoa mguu mmoja chini ya blanketi.

"Soksi zangu ziko wapi?"

"Ninazo mikononi."

Alicheka. Kicheko kilimgharimu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, lakini alicheka.

*

Evaristo na Wilfredo walimpandisha *Pilar* akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, wakimpitisha katikati ya kasa. Hortensia alichomeka mashine, ikakohoa, ikanguruma, ikaanza kupuliza, na yeye akajikuta ameegemea mlango.

Siku ile yote ndugu wale walizungumza kwa kupitia kwake, wakiwa wametenganishwa na urefu wa meza.

"Mwambie mwenye boti godoro lake lina mashimo."

"Mwambie mgonjwa mashimo hayo ni ya mwili wangu, alale pembeni yake."

"Mwambie jenereta inanguruma vibaya."

"Mwambie inanguruma hivyo hivyo tangu alipoondoka."

Wilfredo, aliyekuwa anapasha mchuzi, alilazimika kutoka nje ili acheke. Hortensia hakucheka. Aliwatazama wazee hawa wawili wenye pua moja, pua ya mama yao, kila mmoja akimchungulia mwenzake anapodhani haonekani, akaona kwamba angalau wako chini ya paa moja. Chumba kilikuwa na joto. Vidole vya Baldemar vilikuwa vimerudia rangi yake. Jioni alichaji simu, akampata Nereida, akamwambia wako salama kwa baba mdogo. Nereida alimwuliza mara mbili kama amesikia vizuri: kwa baba mdogo?

*

Jumanne asubuhi Evaristo na Wilfredo waliteremsha mtumbwi wa injini wakaenda ng'ambo ya ziwa la chumvi lililo mbele ya gati kuokota kasa wengine. Baridi ilikuwa imezidi. Hortensia alikuwa anamnyoa Baldemar ndevu kwa maji ya moto, kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze, pale Baldemar alipoushika mkono wake ghafla.

"Sikiliza."

Yeye hakusikia kitu. Jenereta ilikuwa inanguruma kama kawaida, labda kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayeanza kukasirika.

"Haipati maji ya kuipoza," Baldemar alisema. "Samaki wameziba chujio. Nenda chini uizime."

"Nizime nini?"

"Jenereta."

Hortensia alitazama mashine ya oksijeni, kisha mumewe, aliyekuwa na povu la sabuni shavu moja. Mtungi uliobaki ulikuwa mmoja, na ulikuwa umetumika nusu. Alisema wamsubiri Evaristo. Baldemar akatikisa kichwa. Ikiendelea hivi itaungua, alisema, na ikiungua hakuna wa kuifufua wiki hii. Ikizimwa sasa, itawaka tena.

"Nani ataiwasha?"

"Wewe."

"Baldemar, mimi sijui hata kubadilisha tairi."

"Mimi najua. Wewe una mapafu, mimi nina kichwa. Twende."

Alimuunganisha kwenye mtungi. Kisha alishuka ngazi ile ile ambapo mumewe aliwahi kuanguka, akaingia kwenye joto na harufu ya dizeli, akakiona kitufe chekundu alichoelekezwa. Akasali nusu ya sala, akabonyeza.

Kimya kilirudi. Kilikuwa ni kimya kile kile cha Jumatatu.

Alipoinua uso aliona Baldemar amelala kifudifudi kwenye tundu la ngazi, mtungi umelazwa kando yake kama mtoto, sabuni bado shavuni. Alikuwa amejiburuta mwenyewe. Alianza kumwelekeza kwa maneno machache, kila neno likitoka kama sarafu kwa bahili.

"Koki. Kubwa. Ya shaba. Ilaze."

Aliilaza. Ilikuwa ngumu, akaisukuma kwa bega.

"Chungu. Chenye kifuniko. Nati. Mbili."

Nati zilikuwa na masikio ya kushikia, lakini kutu na chumvi vilikuwa vimezifanya kitu kimoja na chungu chenyewe. Alizungusha mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Hazikusogea.

"Nyundo," Baldemar alisema. "Usiogope. Ya Evaristo hiyo."

Hortensia aligonga. Aligonga kwa ajili ya pazia lililosogea na foleni iliyogeuza uso, na nati ya kwanza ikazunguka, kisha ya pili. Alifunua kifuniko. Ndani samaki wadogo walikuwa wamepangana kama wa kopo, weupe, wamelegea, hata mwanga haupiti katikati yao. Alitumbukiza mkono. Maji yalikuwa baridi kiasi kwamba aliyasikia kama moto. Akachota, akatupa sakafuni, akachota tena, vidole vikipoteza hisia kimoja baada ya kingine, mpaka akawa anaona mkono wake unafanya kazi lakini hauhisi, kama mkono wa mtu mwingine.

"Tayari," alisema.

Juu hakukuwa na jibu.

"Baldemar!"

"Funika," sauti ilikuja, nyembamba sana. "Koki. Isimamishe. Halafu washa."

Alifunika, akakaza, akasimamisha koki. Maji yakaingia yakigugumia. Akabonyeza kitufe cha kijani. Jenereta ilijikuna, ikatetemeka, ikakata. Alibonyeza tena, na safari hii hakuachia, akakikandamiza kwa dole gumba akiiambia mambo ambayo mwanamke wa rika lake hapaswi kuiambia hata jenereta. Ikakohoa. Ikashika. Taa ya chumba cha injini ikawaka usoni mwake.

Alipanda ngazi kwa magoti. Midomo ya Baldemar ilikuwa ya zambarau na mtungi ulikuwa umeacha kutoa hewa. Alimshika kwapani, akamburuta mpaka kitandani, yeye ambaye mwezi mzima alikuwa analalamika mgongo, akamvisha mpira wa mashine puani. Akaketi, akaweka kichwa cha mumewe mapajani, akasubiri. Mashine ikapuliza. Ikapuliza. Rangi ilianza masikioni, ikateremka kwenye mashavu, ikafika midomoni taratibu.

"Angalia nje," Baldemar alinong'ona. "Ubavuni. Kama inatema maji."

Alichungulia dirishani. Ubavuni mwa *Pilar* mkondo wa maji ulikuwa unaruka, mnene, unatoa mvuke kwenye hewa ya baridi.

"Inatema," alisema, na ndipo akalia.

*

Evaristo aliporudi alikuta samaki wametapakaa sakafu ya chumba cha injini, nyundo iko pale, na shemeji yake ana grisi mpaka nywele. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nahodha, kofia mkononi. Alielewa alichokuwa karibu kukikuta.

Hortensia alingoja wamtumie tena. Baldemar hakumtazama. Alimtazama mdogo wake.

"Chujio lako hulisafishi."

"Nilikuwa na mtu wa kulisafisha," Evaristo alisema. "Nikamfukuza kwa mdomo wangu."

"Mdomo wako ulikuwa mkubwa tangu utotoni."

"Najua, kaka."

"Ingia ndani. Unaingiza baridi."

Evaristo aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda chake mwenyewe kama mgeni. Hortensia alichukua ndoo akaenda kuwazoa wale samaki. Alijichelewesha makusudi, na aliporudi aliwakuta wanabishana kuhusu pampu fulani ya zamani, wote wawili wanaongea kwa pamoja, na hakuna aliyemhitaji kupeleka ujumbe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Hortensia alimkumbuka Bi Ludivina wa mtaa wa nyuma, naye ana mashine kama ile. Akampeleka Wilfredo na pikapu. Bi Ludivina alikuja na jirani yake mwenye mtoto anayetumia mashine ya pumu. Boti ya pili ikawasha jiko, ya tatu ikavuta waya, na kufikia Jumatano gati zima lilikuwa na harufu ya mchuzi na maharage. Wagonjwa walilala kwenye vitanda vya mabaharia, mabaharia wakalala na kasa. Hortensia ndiye aliyepanga nani alale wapi. Hakuna aliyemchagua, watu walianza tu kumwuliza.

Jioni hiyo lilifika gari la mji. Bwana Lathrop alishuka, lile koti sasa limekunjamana, hajanyoa, macho mekundu. Alisimama chini gatini akamtazama Hortensia aliyekuwa juu ya sitaha, na haikujulikana kama alimkumbuka mpaka alipozungumza. Alisema kuna bibi mmoja ukumbini ana mashine ya oksijeni. Jenereta ya ukumbi imeishiwa mafuta. Amesikia kwamba hapa wanapokea.

Hortensia angeweza kusema mengi, na usiku uliopita alikuwa ameyapanga yote kwa mfuatano. Lakini Lathrop alikuwa amevaa soksi mikononi.

"Mlete," alisema. "Na blanketi lake. Na wewe, ukimshusha, pitia kwa Wilfredo upate mchuzi."

Kutoka ndani sauti ya Baldemar ilisikika, imeshiba pumzi.

"Mwenye boti! Zahanati yako bado ina nafasi?"

"Ukihama wewe, ipo!" Evaristo alijibu.

*

Umeme ulirudi Alhamisi, na hakuna mgonjwa hata mmoja wa gatini aliyefariki. Jua nalo lilirudi, la kawaida, la Port Isabel, kana kwamba halikuwa limekwenda popote. Barafu ilidondoka kutoka kwenye nyavu. Wale wastaafu wa ng'ambo ya barabara walimletea Hortensia keki, wakaeleza kwamba walidhani ni mwizi. Aliipokea, akawashukuru, na keki akaipeleka kwa Bi Ludivina.

Bahari ilipopata joto, watu wa kituo cha kuokoa kasa walisema sasa kasa wanaweza kurudishwa. Boti kadhaa zilijitolea kuwabeba hadi nje, kwenye kina. Asubuhi ile *Pilar* ilikuwa imejaa kuanzia usukani hadi tezi, migongo ya kijani imepangwa, na sasa vichwa vilikuwa vinainuka, mapezi yanapiga mbao kwa fujo. Nereida alikuwa amekuja kutoka Houston. Baldemar aliketi kwenye kiti cha jikoni karibu na usukani, mtungi mpya kando yake, kofia ya sufu kichwani ingawa hapakuwa tena na baridi. Gatini watu walikuwa wamejaa, wengi wakiwa wale wale waliolala pale.

Evaristo alishika usukani. Wilfredo akafungua kamba. Injini kubwa ilikuwa bado imenyamaza, na Hortensia aliona wanaume wote watatu wamegeuka wanamtazama yeye.

"Mnaangalia nini?"

"Fundi," Baldemar alisema. "Tunakusubiri wewe."

Alifuta mikono kwenye sketi. Binti yake alitaka kumshika mkono ngazini, akamkatalia. Alishuka peke yake, akakagua koki ya shaba kama imesimama, akakaza nati za chujio japokuwa zilikuwa zimekazwa, kisha akawasha. Injini ilishika mara moja, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake, na kupitia tundu la ngazi alisikia kwanza sauti ya Baldemar akimtangazia kila mtu kwamba inatema maji, inatema vizuri, halafu gati lote likashangilia. Alikaa pale chini kidogo, kwenye joto na harufu ya dizeli, akiisikiliza, mpaka alipohisi boti inaachana na gati na kuanza kwenda.